Upande wa Pili wa Shuka

Tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Mtoto ulimpokea kabla ya mwaka mpya, na hadi leo sijakueleza vizuri kwa nini nilikuletea. Kila Jumapili nikishika kalamu, usingizi unaniwahi. Hujambo? Shemeji hajambo na redio zake? Mguu wa Mama unaendeleaje, bado anaukanda kwa maji ya moto au amekubali kwenda hospitali kupigwa picha? Mwambie nilimwota ananigombeza, kwa hiyo najua ni mzima.

Mimi mwili mzima. Chumba ni kilekile, kazi ni ileile ya dobi, mikono imekauka kama magamba kwa sabuni na mvuke. Simuni siwezi kusema haya ninayotaka kusema. Kuta za jengo letu ni nyembamba, na aliyekuwa anakaa upande wa pili wa ukuta wangu anaijua lugha yetu, na bado yumo humuhumu jengoni.

Nilikuambia nimemtuma Chiriku wangu huko kwa sababu ya baridi. Si baridi, dada.

Unamkumbuka Wa Ukutani, yule niliyekuwa nakusimulia? Pale kazini tuko watatu tu tunaotoka kwetu: mimi, yule Dereva wa gari la nguo aliyekuletea mtoto alipokuja likizo, na huyu. Nilipofika sijui hata kuwasha bomba la maji ya moto, yeye ndiye aliyenionyesha. Akitaka tunywe chai anagonga ukuta, nami nikiwa tayari namgongea. Mtoto alikuwa anakimbilia ukutani akisikia, anagonga na kijiko chake cha bluu. Nikienda kuoga ndiye aliyekuwa anamshika. Na kazini ndiye aliyekuwa mwenzangu wa shuka.

Nikueleze hili la shuka, maana utalisikia sana. Shuka za hoteli zikitoka kwenye mashine ya pasi zinatoka ndefu na za moto. Mmoja hawezi kukunja. Mnashika pembe mbili kila mtu, mnavuta, mnakung'uta, halafu mnakwenda kukutana katikati, mmoja anampa mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Kutwa nzima. Mwenzako wa shuka unamjua mpaka alichokula asubuhi.

Sasa, ghorofa yetu ni ya watu mmoja mmoja, watoto hawaruhusiwi. Nilimficha Chiriku miezi ile yote, na Bwana Funguo, msimamizi wa jengo, hakujua au alijifanya hajui. Chini kuna korido ya familia, milango minne inayotumia jiko moja. Chumba kimoja kikabaki wazi, hakina mtu. Kule chini, mtu haingii kwa kuomba tu. Kwa sababu wanapikia pamoja, kila mwenye mlango anaulizwa, na mmoja akisema hapana, huingii. Nikamwambia Wa Ukutani, kwa furaha zangu, kwamba naomba chumba kile. Akasema, "Kakiombe, mwenzangu, utapata." Akanishikia mtoto niende kupiga picha ya kitambulisho.

Kesho yake Bwana Funguo akagonga. Hakutazama kitanda wala kabati. Alikwenda moja kwa moja chini ya sinki, akasogeza ndoo, akatoa poti la mtoto la kujisaidia. Dada, mtu mmoja tu alijua poti linakaa nyuma ya ile ndoo.

Nikaambiwa mtoto aondoke mwezi usiishe, au tuondoke wote. Na kwa kuwa nimeficha, jina langu likatolewa kwenye maombi ya chumba. Wiki iliyofuata nikaona Wa Ukutani anashusha mabegi yake korido ya familia. Ati familia yake inakuja.

Chiriku nilimkabidhi kwa Dereva akiwa amelala. Nilimlaza begani kwa mtu nikageuka. Nikisikia kijiko kinagonga kikombe popote, nageuka tena.

Sitaki ushauri wa kusamehe. Kama Mama atasema nisamehe, usimsomee barua hii.

Mdogo wako


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena. Sisi wazima. Mama amekataa picha, anasema mguu ni wake na anajua kilichomo. Shemeji yako amepata redio ya msikiti kutengeneza, ameiweka mezani kwangu juu ya vitambaa vya wateja kana kwamba cherehani inakula vyuma. Cherehani yangu inasikilizana na mimi siku hizi, nashona sare za shule mpaka vidole vinakataa.

Sikumsomea Mama. Na mimi sikuambii usamehe. Mtu anakunywa chai yako, anashika mwanao, halafu anakwenda kueleza poti liko wapi? Huyo mkaushie mpaka akauke.

Lakini nisikilize mimi mkubwa wako. Usimpige, usimtukane, utafukuzwa wewe. Wewe fanya hivi: angalia nani anamsalimia. Mchukue huyo. Kisha mchukue anayefuata. Uwe mwema kwao kuliko yeye, ucheke nao, uwabebee mizigo, mmoja mmoja, mpaka siku akijikwaa asipate hata wa kumwambia pole. Mimi nilimfanyia hivyo yule fundi wa pale sokoni aliyeiba mteja wangu, na leo amehamia mtaa mwingine. Hukuwahi kujua, sasa umejua.

Na usiharakishe. Papara itakuharibia. Mtoto yuko mikononi mwangu, anakula, analala, ana tatizo gani? Siku za mwanzo alikuwa anagonga ukuta na kijiko akisubiri kujibiwa. Sasa ameacha.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili

Dada yangu,

Salamu nyingi. Natumaini sare zimekwisha na vidole vimepona. Mwambie Mama dawa ya kuchua niliyomtumia ni ya kupaka, asije akainywa kama ile ya mwaka juzi. Chiriku mbusu katikati ya nyusi, pale ninapombusu mimi.

Nimefanya ulivyosema. Nimeanza na Mama Pacha, wa mlango wa kwanza kule chini, ambaye ndiye anayelisha shuka kwenye mashine ya pasi. Watoto wake wawili wako shule na wanatoka kabla zamu yake haijaisha. Nikawa nawapokea getini nikiwa narudi, mmoja mkono huu, mmoja ule. Siku ya kwanza alinitazama kama nataka kumuuzia kitu. Siku ya pili akaniletea supu kwenye kopo. Lugha yetu haijui na ya huku tunaivunjavunja wote wawili, lakini alipotaka kuniambia Wa Ukutani anaacha sufuria chafu jikoni alionyesha kwa mikono na pua, nikaelewa kila kitu.

Wa pili ni Babu Lifti, anakaa mlango wa pili na mkewe. Alikuwa fundi wa lifti, sasa amestaafu, lakini lifti ikikwama bado anasimama chini yake anaitukana mpaka ishuke. Mashati yake yote kola zimechanika. Nikamwomba shati moja, nikageuza kola kama ulivyonifundisha, upande mzima ukaja juu. Akalishika dirishani, akaligeuza, akasema, "Binti, wewe umeniongezea miaka mitano, sasa ongea na daktari wangu mkubaliane." Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo wananiita nikae nao wakisikiliza taarifa ya habari. Sielewi nusu ya habari. Nakaa.

Wa mlango wa tatu ni Nesi, na huyu ndiye muhimu, kwa sababu anahama mwezi wa nane. Chumba chake kitakuwa wazi. Unaona ninakokwenda, dada. Nataka chumba kile. Nikikipata, mtoto wangu anarudi.

Wa nne ndiye yeye. Na yeye pia ataulizwa. Neno lake moja la hapana linatosha.

Kwa hiyo kazini nimeanza kusimulia. Sisimulii kwa hasira. Tukiwa kwenye mapumziko nasimulia habari ya poti kama kichekesho, jinsi Bwana Funguo alivyolishika kwa vidole viwili kama linataka kulipuka. Wanacheka, halafu wanaacha kucheka, halafu wanageuza macho kule anakokaa yeye. Sina haja ya kumtaja. Juzi alisema "Habari za asubuhi" kwa watu watano na nilisikia kijiko cha mtu kikikoroga chai.

Nilipita mlangoni kwake, ulikuwa wazi kidogo. Ameweka kitanda kidogo cha mtoto, kizuri, bado kina nailoni ya dukani. Cha maonyesho, ili Bwana Funguo aamini hiyo familia. Nilicheka peke yangu korido nzima.

Sasa nina swali. Mbona Chiriku hasemi simuni? Huyu ni mtoto aliyekuwa anaongea na soksi zake. Jumapili nilisikia anapumua tu, halafu ukasema ana usingizi, na kwenu ilikuwa mchana. Naomba unitumie picha zake, mbili au tatu. Za karibu.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kazi, unajua mwenyewe msimu wa sare. Mama hajambo, aliipaka dawa, hakuinywa, ingawa aliionja. Shemeji yako anakusalimu. Amemtengenezea mtoto kiredio kidogo kwa vipuri, kinashika stesheni moja tu, analala nacho.

Picha nilitaka kupiga lakini niliona nisubiri nywele ziote vizuri. Tulimpunguza nywele, zilikuwa zinampa joto, na mama wa saluni ana mkono mwepesi. Amependeza. Ameanza chekechea. Mimi nampeleka, shemeji yako anamrudisha. Gauni la kwendea nimelishona mwenyewe kwa kitambaa kile cha maua nilichokuwa nimeweka miaka mingi, unakijua, sikuwahi kupata wa kumshonea.

Simu hapendi, ndivyo watoto walivyo. Usilichukulie moyoni. Hapa ni maneno tele. Wateja wanafurahi naye mpaka siku hizi wananiita Mama Chiriku, na mimi sina nguvu ya kumsahihisha kila anayeingia.

Mambo yako ya huko nimeyafurahia. Kijiko kikikoroga chai, hiyo nimemsimulia shemeji yako mara mbili. Endelea hivyohivyo, usilegeze. Lakini la chumba usiharakishe. Hata ukikipata, kaa kwanza mwaka mmoja uone majirani wakoje. Uliwahi kumwamini mtu haraka, ukaona. Mtoto hajui kuhesabu mwaka.

Dada yako


Tarehe 11 Agosti

Dada yangu,

Sijui hata nianzie wapi, kwa hiyo naanza na salamu. Mama, Shemeji, wewe, wote nawasalimu. Chiriku pia, na nywele zake fupi.

Nimepata chumba.

Nikueleze ilivyokuwa, maana ushauri ulikuwa wako.

Mwezi wa saba, kazini, hakuna aliyetaka kukunja naye. Hatukukaa kikao. Ilikuwa tu, shuka zikitoka mashineni kila mtu ameshapata mwenzake, na yeye amebaki ameshika pembe mbili anatafuta wa kuchukua mbili nyingine. Akaanza kukunja peke yake. Anabana kwa kidevu, anaeneza mikono, shuka inaburuta chini, inarudishwa kufuliwa upya. Nyapara wa zamu akamwonya mara ya kwanza. Akamwonya mara ya pili, na alisema mbele yetu kwamba rundo lingine la shuka chafu, na ataleta mtu mwingine mahali pake. Mama Pacha alikuwa anaimba mashineni. Sijawahi kumsikia anaimba.

Mimi nilitazama, dada. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilikuwa nakula mkate wangu na niliusikia utamu.

Kesho yake nikaenda nikashika pembe zile mbili.

Alishtuka. Tukavuta, tukakung'uta, akaja katikati kunipa pembe zake, na alipofika karibu nikamwambia kwa lugha yetu, polepole, "Jumapili Bwana Funguo anakuja jikoni kuuliza habari za chumba cha Nesi. Utasema ndiyo. Na utasema poti lilikuwa wapi, na nani alimwambia."

Akasema, "Mbele ya wote?"

"Jiko zima."

"Na nisiposema?"

Nikaachia upande wangu. Shuka ikaanguka kwenye maji ya sakafuni, na nyapara akageuza shingo. Nikaiokota, nikamwambia nyapara kosa ni langu, mkono umeteleza. Tukaendelea na nyingine. Hakuuliza tena.

Jumapili nilivaa kitenge chako cha zambarau. Bwana Funguo alisimama mlangoni kwa jiko na funguo zake kiunoni, akauliza mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. Mama Pacha hakusema ndiyo, alifungua kabati akaonyesha rafu tupu, kwamba ameshaniwekea nafasi ya sufuria. Babu Lifti akasema, "Mimi nilikubali siku ya kola. Nyinyi ndio mmechelewa." Mkewe akamwambia anyamaze, akakubali na yeye.

Ikafika kwake. Alikuwa ameegemea friji. Akasema, "Ndiyo." Kisha akasema kwa lugha ya huku, ili wasikose hata neno, "Poti lilikuwa chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Mimi ndiye niliyemwambia."

Bomba lilikuwa linadondosha maji. Mama Pacha akachukua kikombe cha yule kilichokuwa kwenye meza ya wote, akakiosha, akakiweka kwenye rafu ya yule, mbali. Bwana Funguo akanipa ufunguo.

Usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Bado nakunja naye. Wengine wananiuliza kwa nini, wanadhani nimesamehe. Sijasamehe. Nimeona hiki ni kitamu zaidi: kila shuka inambidi anijie mpaka vidole vyetu viguse, anitazame, anipe pembe, aondoke, na simwambii neno. Kutwa nzima, dada. Hana pa kuangalia ila mimi.

Sasa la mtoto. Chumba kina dirisha na kitanda, nimekipaka rangi. Dereva anakwenda likizo tena katikati ya Oktoba na amekubali kumleta. Mwandae taratibu. Mwambie mama yake ana mlango wake mwenyewe. Na wateja wako, nguvu ya kuwasahihisha itafute kidogokidogo.

Mdogo wako


Tarehe 22 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima, isipokuwa mtoto alikuwa na kikohozi, kwa hiyo safari ya Oktoba si nzuri. Mtoto si kifurushi cha kutumwa na kurudishwa na Dereva.

Hongera kwa chumba. Lakini nikuulize kama mkubwa wako, bila kukasirika. Miezi yote hii umekuwa unampangia mtu kisasi. Barua zako nimezisoma upya. Mtoto yumo mstari wa kwanza na wa mwisho, katikati yote ni yule mwanamke. Hapa ana watu wawili wanaomwamkia yeye tu. Ana chekechea yake. Shemeji yako humwambii kitu juu yake. Baba yake huko simtaji, wewe mwenyewe humtaji.

Usiku akiamka, analiita jina langu. Sikutaka kukuandikia hili, umenilazimisha.

Mwache akue kidogo. Aliyemtuma ni wewe, mimi sikuja kumchukua.

Dada yako


Tarehe 6 Oktoba

Dada yangu,

Hujambo? Mama hajambo? Jana nimeongea naye, mguu umekubali picha, anakwenda Alhamisi na binamu. Hakukuambia kwa sababu nilimwomba asikuambie. Soma mpaka mwisho ujue kwa nini.

Barua yako ilifika wiki iliyopita asubuhi, nikaisoma kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, nikaenda kazini nayo mfukoni. Nilikuwa nakunja vibaya. Pembe zinanitoka. Yule akaniona. Tulipokutana katikati akasema, neno la kwanza tangu Jumapili ile ya jikoni, "Mtoto?"

Tukarudi nyuma, tukaja tena.

Akasema, "Wangu yuko kwa dada yangu. Nilimwacha ananyonya. Nilisema mwaka mmoja, nikipata chumba. Sasa ana miaka tisa na ananiita mama mdogo. Kitanda nimemnunulia. Anasema hakuzaliwa huku, anakuja kufanya nini?"

Nikamwambia, "Kwa hiyo ukanifanya na mimi hivyo."

Akasema, "Nilikitaka chumba." Hakuomba radhi. Akanipa pembe zake.

Sikumsamehe hata baada ya hapo, na nakuandikia ili usidhani nimelainika. Lakini nilikwenda nyumbani nikazitoa barua zako, nikazipanga kitandani, nikazisoma kama vile zimeandikwa na dada yake. Usiharakishe. Usilegeze. Kaa kwanza mwaka mmoja. Ulinifundisha kisasi vizuri, dada, na kila nilipokuwa nakishughulikia, wewe ulikuwa unapata mwezi mwingine. Umesema katikati ya barua zangu yumo yule mwanamke tu. Ni kweli. Ni wewe uliyemweka hapo, na mimi nikamkalisha.

Basi nimefanya ulichoniandikia mwezi wa tatu. Nimeangalia nani anakusalimia.

Nilianza na Mama. Halafu nikampigia mwenye duka wa pembeni yako. Akasema, "Kumbe unapiga simu. Sisi tuliambiwa ulimwachia dada yako moja kwa moja." Nikakaa kitako sakafuni, dada. Nikampigia mama wa saluni, naye akasema hivyohivyo, kwa maneno mengine. Mwalimu wa chekechea ana jina lako kwenye daftari pale panapoandikwa mzazi. Sikumgombeza mtu. Niliwauliza watoto wao, nikawasikiliza habari za magoti na za ada, nikawasimulia kijiko cha bluu na ukuta. Mama wa saluni alilia kuliko mimi. Tumekuwa marafiki, tunapigiana.

Nimewaomba jambo moja dogo wote watatu. Wasikuite Mama Chiriku. Wakuite Fundi, kama zamani. Wamekubali. Nadhani Jumatatu umeshaanza kusikia, na ulidhani ni bahati mbaya.

Shemeji naye nimeongea naye. Alilia pia, halafu akasema nikufikishie neno lake, "Mrudishie mwanawe, nyumba hii itanyamaza lakini itakuwa nyumba yetu." Sikumlazimisha aseme hivyo.

Naweza kuendelea. Nina watu wako wengi na simu yangu ina salio. Lakini wewe ndiye uliyemnywesha mwanangu dawa ya kikohozi na kumshonea kile kitambaa cha maua, na najua ulikiweka kwa ajili ya nani, na kwamba hakuzaliwa. Hilo sijalisahau. Kwa hiyo nasimama hapa. Pembe mbili ziko mkononi mwangu na mbili kwako. Usiniachie upande wako, dada, maana mimi nimeshajifunza kuachia wa kwangu.

Ukija kututembelea, kitanda kipo. Wa jikoni wanakujua kwa kola.

Dereva anafika kwenu tarehe ishirini asubuhi, na Mama atakuwa hapo nyumbani kabla yake. Ninavyohitaji unitumie ni hivi:

Kadi yake ya kliniki, ile yenye jina langu.

Gauni la maua. Hilo ni lake, umelishona vizuri, alivae akiwa njiani.

Kiredio cha Shemeji, hata kama huku hakitashika kitu.

Kijiko cha bluu.

Dawa ya kikohozi iliyobaki, na uandike kwenye chupa anakunywa kiasi gani na saa ngapi, maana wewe ndiye unayejua.

Picha ulizopiga. Najua ulipiga, mama wa saluni ameniambia.

Nywele mlizomkata, kama hukuzitupa.

Na Chiriku mwenyewe, akiwa macho, umemshika mkono mpaka mlangoni kwa gari na kumwambia kwa mdomo wako anakwenda kwa mama yake.

Mdogo wako